Tiketi Isiyoijua Ankara Yake

Kuna lalamiko ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye dawati la huduma kwa wateja, iwe Dar es Salaam au Nairobi, analijua kwa moyo: "Pesa imekatwa, tokeni haijaja." Mhudumu akilipokea hufungua tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko yenye namba, tarehe na jina la aliyepiga simu. Tabu ni kwamba jibu halimo ndani ya tiketi hiyo. Limo kwenye daftari jingine kabisa, la mauzo na malipo, ambalo mara nyingi lipo kwenye mfumo mwingine, chini ya idara nyingine, na pengine chini ya kampuni nyingine.

Ndiyo maana mteja huulizwa maswali yaleyale kila anapopiga. Namba ya mita? Ulilipa kiasi gani? Saa ngapi? Kwa mtandao upi? Mhudumu hamtesi kwa makusudi. Anajaribu kujenga kwa mdomo daraja ambalo kampuni haikulijenga kwenye mifumo yake.

Kuunganisha tiketi na kumbukumbu za ankara kunachukuliwa kuwa kazi ya mafundi wa kompyuta, jambo la kuchagua programu na kuilipia leseni. Mimi naona kwanza ni kazi ya kuamua lalamiko linahusu nini hasa. Kampuni nyingi zimeamua kwamba lalamiko linahusu mtu, kwa hiyo zinaiunganisha tiketi na jina la mteja. Nadhani hapo ndipo zinapopotea. Lalamiko la malipo linahusu muamala, na kwa mazingira yetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Tuufuate muamala mmoja tuone. Mtu aliyepo Tanzania ananunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wa shilingi 10,000 kwa simu. Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka mingi, ndani ya fedha hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati, EWURA, asilimia 1. Kinachobaki ni kama shilingi 8,197, na kwa mteja wa daraja la T1, anayeuziwa uniti moja kwa shilingi 292, hizo ni uniti 28 na chembe. Safari ya fedha hiyo inaandikwa mahali pasipopungua patatu. Kampuni ya simu inaandika kwamba salio limepungua, na kuupa muamala namba yake. Mfumo wa malipo ulio katikati unaandika kwamba umepokea na kupeleka mbele, kwa namba yake yenyewe. Mfumo wa kuuza umeme unaandika namba ya mita, daraja la bei, makato, na tokeni ya tarakimu 20. Hayo ni madaftari matatu yenye namba tatu, na kila moja linafuata saa yake.

Sasa rudi kwenye lalamiko. "Pesa imekatwa" ni habari ya daftari la kwanza. "Tokeni haijaja" inaweza kuwa kweli kwa namna kadhaa. Pengine fedha imekwama katikati na mfumo wa umeme haujui lolote. Pengine tokeni ilishatengenezwa ila ujumbe wake ukapotea njiani. Pengine imekwenda kwenye mita nyingine. Hili la mwisho wengi hulifikiri vibaya. Mita za tarakimu 11 zina tarakimu ya mwisho ya kuhakiki zile za mbele, kwa hiyo anayekosea tarakimu moja kwa kawaida hukataliwa papo hapo. Anayepotea ni yule aliyehama nyumba, namba ya mita ya zamani ikabaki kwenye simu yake, akailipia. Namba ni sahihi, nyumba siyo.

Kila sababu ina tiba yake, na tiba ya moja ni hasara kwa nyingine. Iliyokwama katikati hurudishwa au husukumwa mbele. Tokeni iliyokwisha kutengenezwa husomwa tena tu, haigharimu kitu. Mhudumu asiyeona daftari la tatu akamrudishia fedha mteja ambaye tokeni yake ipo, kampuni imetoa umeme na fedha vyote viwili. Akimwambia asubiri saa 24 ilhali tokeni imelala kwenye mfumo tangu asubuhi, familia imelala gizani bure.

Kisha lipo lalamiko la jirani yake, ambalo ni gumu zaidi: "Uniti zimepungua." Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Aliyenunua umeme wa 10,000 siku ya makato hubaki na 8,500 za umeme, na uniti zake hushuka kutoka 28 hadi karibu 24. Mwingine alikuwa daraja la D1, la watumiaji wadogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ziliuzwa shilingi 100 kila moja na za ziada shilingi 350. Kwa mteja huyo shilingi 10,000 zilileta uniti 77. Siku akipandishwa kwenda T1 kwa sababu ya matumizi yake, fedha ileile inaleta 28, na anaapa kwamba ameibiwa. Kenya nako daraja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyotangulia, na mshangao ni uleule. Maelezo yote yapo kwenye kumbukumbu za ankara, mstari kwa mstari. Lakini mhudumu anayeona jina, simu na eneo tu atajibu kwa kukariri: bei hazijabadilika, mpendwa mteja. Anasema kweli, na mteja anakata simu akiamini amedanganywa.

Ndiyo sababu sishangai kwamba programu kubwa za huduma kwa wateja, zilizobuniwa Ulaya na Marekani, hazitui vizuri huku. Zendesk, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 2007, humtambua mlalamikaji zaidi kwa anwani yake ya barua pepe. Ukiiunganisha na mfumo wa malipo kama Stripe, pembeni ya tiketi hujitokeza ankara zote zenye anwani hiyo. Mpango huo unafaa pale ambapo anayetumia huduma ndiye anayelipa na ndiye anayelalamika, na ana barua pepe moja anayoitumia kwa yote.

Kwetu hao ni watu wanne. Mita imeandikwa jina la mwenye nyumba, ambaye pengine ni marehemu. Anayetumia umeme ni mpangaji. Anayelipa leo ni kijana wake aliyepo Muscat, aliyemtumia rafiki fedha naye akanunua kwa simu yake. Anayepiga simu kulalamika ni dada wa kazi, kwa namba ya jirani kwa sababu yake imeisha chaji. Mfumo ukitafuta kwa namba ya simu iliyopiga haupati kitu, ukitafuta kwa jina unamkuta marehemu. Kodi ya majengo imezidi kulivuruga jambo hili, maana kisheria mdaiwa ni mwenye jengo na anayekatwa ni anayenunua umeme. Tena mfumo unaijua mita, haulijui jengo. Wapangaji wawili wa nyumba moja wenye mita mbili wakilalamika, hizo ni tiketi mbili za watu wasiohusiana, na swali lenyewe la msingi, kama nyumba moja imetozwa mara mbili, halipo kwenye tiketi yoyote.

Muamala, kwa upande wake, haumjui marehemu wala jirani. Una namba moja, kiasi kimoja, na muda mmoja. Ukiufunga kwenye tiketi, watu wote wanne wanaweza kupiga kwa zamu na kila mmoja akakutana na lalamiko lilelile. Swali la nani ana haki ya kuambiwa nini linabaki, nitalifikia.

Namba hiyo inaingiaje kwenye tiketi? Njia mbaya kuliko zote ndiyo iliyoenea: mteja anaisoma kwa simu, mhudumu anaichapa. Msimbo wa M-Pesa ya Kenya una herufi na tarakimu kumi, na anayeusoma katikati ya kelele za stendi atasema M, mhudumu ataandika N. Wahudumu wazoefu wamejifunza hila zao. Herufi ya kwanza ya msimbo hufuata mwaka, ya 2024 ilikuwa S na ya 2025 ikawa T, kwa hiyo mtu akidai amelipa jana kwa msimbo unaoanza na herufi ya zamani, wanajua amefungua ujumbe usio wenyewe. Ujuzi wa aina hiyo unaheshimika. Unaonyesha pia ni kiasi gani cha kazi ya mashine kimeachiwa masikio ya binadamu.

Njia bora ni tiketi kuzaliwa ikiwa na muamala wake. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua hauna teknolojia ya kutisha. Kenya, mtu aliyetuma fedha kwa namba isiyo yenyewe husambaza ujumbe uleule wa M-Pesa kwenda 456. Hajazi fomu wala hasimulii. Lalamiko linafika likiwa limebeba msimbo, kiasi, tarehe na jina la aliyepokea, kama mashine ilivyoviandika. Kampuni ya maji au ya visimbuzi ingeweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi: kila ujumbe wa risiti uwe na mstari mmoja wa mwisho unaosema, kama kuna tatizo, sambaza ujumbe huu kwenda namba fulani. Sielewi kwa nini ni wachache tu wanaofanya hivyo, isipokuwa kama hawataki kulalamikiwa kwa urahisi.

Namna namba yenyewe inavyotengenezwa nayo ina uzito. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mfumo wa malipo ya serikali wa GePG mwaka 2017, ilileta kontroo namba ya tarakimu 12, ambayo hutolewa kabla ya malipo. Ankara inapata namba kwanza, kisha mlipaji anailipia. Hivyo malipo yakifika yanajua yanalipa nini, na mwenye kulalamika anashika namba ileile iliyopo kwenye leja. Kwenye Paybill za Kenya, yaani namba za kampuni za kupokelea malipo ya simu, mlipaji mwenyewe huandika namba ya akaunti. Kampuni inaweza kuweka uhakiki ili akaunti isiyokuwepo ikataliwe kabla fedha haijatoka, lakini uhakiki huo ni wa hiari, na zisizouweka hupokea malipo yenye maneno kama "kodi", "mama Asha" au "duka la pili". Fedha imeingia kweli, na haijulikani ni ya nani. Hizo ndizo zinazokaa kwenye akaunti ya malipo yasiyotambulika, na kwa kila moja ipo tiketi mahali fulani inayosema "nimelipa, bado nadaiwa." Mhasibu anatafuta mwenye fedha, dawati linatafuta fedha ya mtu, ghorofa mbili za jengo moja.

Kontroo namba nayo ina kasoro. Moja ikitumika kwa ankara moja, mteja wa kila mwezi anakusanya namba nyingi kama tiketi za daladala, na akilipia ya mwezi uliopita badala ya huu, lalamiko lake linahusu ankara mbili kwa pamoja. Hapo ndipo unapoona kwamba kiungo hakiwezi kuwa cha moja kwa moja tu. Tiketi moja inaweza kugusa ankara mbili na rekebisho moja, na ankara moja inaweza kuwa na tiketi tano. Mfumo wenye nafasi moja tu ya kuandikia namba ya muamala utawalazimisha wahudumu kubandika zilizobaki kwenye sehemu ya maelezo, ambako hakuna mashine itakayozisoma.

Jambo la nakala ya ankara ni fupi ila lina madhara. Mhudumu akifungua tiketi leo, anapaswa kuona ankara kama ilivyo leo au kama ilivyokuwa siku ya lalamiko? Zote mbili. Ankara hurekebishwa, madaraja ya bei hubadilika, deni hufutwa. Tiketi ya Machi ikionyesha salio la Septemba, mteja aliyelalamika kwa haki ataonekana mzushi. Wahasibu wana nidhamu ya kale hapa: hawafuti mstari uliokosewa, wanaandika mwingine wa kuurekebisha. Tiketi iungwe na mstari uliokosewa na ule wa marekebisho, isiungwe na salio.

Mpaka hapa nimezungumzia safari ya kutoka kwenye tiketi kwenda kwenye ankara, safari ya kumsaidia mtu mmoja. Ipo safari ya kurudi, kutoka kwenye ankara kwenda kwenye tiketi zote zinazofanana nazo. Hiyo ndiyo inayopuuzwa, na gharama ya kuipuuza imeandikwa kwenye hukumu za Uingereza.

Kuanzia mwaka 1999 shirika la Posta la Uingereza liliweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Wenye matawi, wengi wao watu wenye duka dogo la kijijini na dirisha la posta ndani yake, walianza kuona upungufu ambao hawakuuelewa. Walipiga simu ya msaada. Wengi walieleza baadaye kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mikataba yao ikawabana kufidia upungufu, na kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotegemea Horizon.

Tiketi zilikuwepo. Fujitsu ilikuwa na mfumo wa tiketi ulioitwa Peak na orodha ya kasoro zinazojulikana. Kumbukumbu za miamala nazo zilikuwepo. Kesi ya madai iliyoongozwa na Alan Bates, aliyekuwa mmoja wa wenye matawi, na wenzake, na hukumu ya Jaji Fraser ya Desemba 2019, kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kuviweka vitu hivyo viwili meza moja, baada ya wadai kupigania kupewa nyaraka hizo. Ukiona kazi ya dawati la huduma inafanywa na mawakili miaka ishirini baadaye, ujue dawati lenyewe halikuifanya.

Tazama kasoro moja kwa karibu, iliyopewa jina la kijiji cha Dalmellington huko Scotland. Oktoba 2015 mwenye tawi alikuwa akipokea kwenye mfumo paundi 8,000 zilizohamishwa kutoka tawi moja kwenda jingine. Skrini haikufunga, akabonyeza tena, na tena. Mfumo ukaandika 8,000 mara nne, jumla 32,000, wakati fedha iliyokuwepo mkononi ilikuwa 8,000. Upungufu wa paundi 24,000 ukazaliwa kwa kidole. Kama tukio hilo lingebaki tiketi ya mtu mmoja, lingefungwa kwa marekebisho ya hesabu na kuagana. Fujitsu ilipoacha kumtazama mlalamikaji ikatafuta alama ya muamala wenyewe, yaani mfuko uleule wa fedha uliopokelewa zaidi ya mara moja, ilipata matukio 112 tangu mwaka 2010. Miaka mitano kasoro ilikuwa ikitembea. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta kwa jumla hatia za wenye matawi Mei 2024.

Huku kwetu mwaka huohuo wa 2024 tulipata zoezi la kinyume chake, yaani kasoro iliyojulikana tarehe yake miongo kadhaa kabla. Tokeni za mita zilibeba namba iliyohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa na mwisho: dakika 16,777,216, ambazo zilifika tamati tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita iliyofuata hesabu hiyo ilihitaji kuingiziwa tokeni mbili za ziada kabla ya ile ya umeme, ndipo ikubali za baadaye. Mteja aliyezipuuza akaingiza ya umeme tu angelalamika kwamba tokeni inakataa. Kumbukumbu za mauzo zinajua mita ipi ilishatumiwa tokeni za mabadiliko na lini. Dawati lenye kiungo linaona hilo kabla mteja hajamaliza sentensi. Lisilo nacho linatuma fundi na ngazi.

Sasa suala la haki ya kuona. Kiungo kizuri ni dirisha, na dirisha huonyesha hata usiyotaka yaonekane. Historia ya kununua umeme inasema nyumba ina watu au haina. Historia ya malipo inasema nani humlipia nani. Mume aliyeachana na mkewe akipiga simu na namba ya mita aliyoikariri, anaweza kuambiwa mengi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote zinataka taarifa itumike kwa kazi iliyokusudiwa na kwa kiasi kinachohitajika. Hapa tena kuunganisha na muamala kunasaidia kuliko kuunganisha na mtu. Mhudumu anayeshughulikia shilingi 10,000 za jana hana sababu ya kuona miaka minne ya manunuzi. Afunguliwe muamala huo, na akihitaji zaidi, aombe na jina lake liandikwe.

Limebaki la kufunga tiketi, na hapo najua nitapingwa na wasimamizi wa vituo vya simu. Karibu kila mahali mhudumu ndiye anayefunga tiketi, na hupimwa kwa idadi alizofunga. Matokeo yake tiketi hufungwa kwa neno "imetatuliwa" pale mhudumu anapotuma ombi idara ya fedha, siku kadhaa kabla fedha haijarudi, kama itarudi. Kiungo kikishakuwepo, uamuzi huo uondolewe mikononi mwa mhudumu. Tiketi ya malipo ifungwe na leja: tokeni ikisomwa tena, mstari wa marekebisho ukiandikwa, fedha ikirudi kwenye simu iliyoitoa. Muamala uleule ukigeuzwa tena mwezi unaofuata, tiketi ifunguke yenyewe bila mteja kupiga simu. Takwimu za mwezi wa kwanza zitatisha, kwa sababu tiketi nyingi zilizohesabiwa kuwa zimekwisha zitarudi mezani, na idara ya fedha itajikuta kwa mara ya kwanza ikipimwa kwa malalamiko ambayo siku zote yaliitwa ya huduma kwa wateja.